Ushuru wa Treni Zisizopita

Jumapili hiyo nyama ilipikwa kwa bia, kama kila Jumapili, na kama kila Jumapili Gervais Wissocq alimaliza chipsi za upande wake kabla hajamwangalia bintiye usoni. Noëlla alisubiri. Alikuwa amejiapia njiani, akiendesha gari kutoka Calais hadi Guînes katikati ya mabango ya uchaguzi wa rais, kwamba leo atasema mapema, hangoji jibini ya mwisho wa mlo. Akangoja jibini. Mtu anaweza kufika miaka arobaini na mitano, akawa na ofisi na funguo zake, na bado akamwogopa baba yake mezani.

"Baba," alisema mwishowe, "Jumanne ya wiki ijayo ndiyo mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Unajua mwisho wa nini."

"Mimi najua mwisho wa jibini hii, maana umeshika kisu tu, hukati."

Noëlla akakata jibini. Mzee alijifanya anatafuta mkate.

Mwisho wenyewe ulikuwa wa mambo yaliyoanza miaka ishirini nyuma. Wakubwa wa London na wa Paris walipokubaliana kutoboa handaki la reli chini ya bahari iliyo kati ya nchi zao, waliweka sharti moja: serikali haitoi hata senti. Zitoe benki, na watoe watu. Watu wakatoa. Matangazo yalikuwa kwenye televisheni, kwenye magazeti, kwenye kaunta ya kila benki, na wastaafu wa Ufaransa wakapanga foleni kununua hisa utadhani zinagawiwa bure. Gervais alikuwa ndiyo kwanza ametoka kiwanda cha lesi cha Calais, mashine zimeuzwa, kiinua mgongo mkononi na wasiwasi wa maisha kichwani. Alikitia chote handakini. Kisha akaenda kwenye klabu ya wafuga njiwa wa mbio, ambako yeye ndiye mtunza saa za mashindano, akaongea. Gervais akiongea, watu humsikiliza, maana si mtu wa maneno mengi na saa zake hazijawahi kuwa na hitilafu. Wanachama kumi na mmoja wakanunua kwa sababu yake.

Handaki likachimbwa, hilo hakuna wa kulikana. Lakini lilikula mara mbili ya fedha zilizopangwa, na benki zikakopesha tena kwa riba, na riba ikazaa riba nyingine, mpaka hisa moja ikawa hainunui hata kikombe cha kahawa. Wenye benki hawakukosa chakula cha mchana hata siku moja. Waliokosa ni watu wa vijiji kama Guînes, waliokuwa wakifungua gazeti asubuhi kwenye ukurasa wa bei, wanatazama, wanalikunja.

Gervais hakulalamika. Alikaa na penseli akapiga hesabu ya fedha zake dhidi ya gharama yote ya kazi, akatangaza klabuni kwamba katika handaki lile refu, sentimita tano ni mali yake halali. Tangu hapo wakamwita Mzee Sentimita. Achille Baheux, baharia mstaafu wa meli za kuvusha abiria, ambaye naye alinunua hisa za kitu kilichokuja kuua kazi yake mwenyewe, alikuwa akimuuliza kila Jumamosi: "Vipi, Mzee Sentimita, leo umezifagia?" Na Gervais alijibu kwa uzito, "Nimezifagia. Zako zimejaa chumvi."

Kilichompa moyo ni ushuru. Mashirika ya reli ya nchi zote mbili yalikuwa yametia saini kulipia kila abiria na kila tani ya mzigo inayopita chini ya bahari, na zaidi ya hapo yaliahidi kiwango cha chini: hata treni zisipopita, malipo yale yatalipwa. Gervais aliipenda ahadi hiyo kuliko ahadi zote alizopata kuzisikia kanisani. "Nitajieni biashara nyingine," aliwauliza wenzake, "ambayo mteja asipokuja dukani, analipa!" Na bintiye wa pekee alikuwa mfanyakazi wa reli, tena kwenye ofisi ya mizigo, kazi yake kupanga nafasi za treni za mizigo kupita handakini. Kwa hiyo meza ya Jumapili ilikuwa na mlipaji upande mmoja na mlipwaji upande wa pili, ingawa mlipwaji hakuwahi kupata gawio hata la kununulia soksi.

Sasa mahakama ya Paris ilikuwa imeingilia kati. Kampuni ya zamani inakufa, inazaliwa mpya, madeni yanakatwa karibu nusu. Mwenye hisa za zamani azipeleke benki kabla ya Jumanne ile, abadilishiwe, apewe kipande chembamba cha kampuni mpya. Asiyepeleka atabaki na karatasi za kampuni tupu ambazo hata mwizi hazitaki.

"Ni kidogo, Baba, sikatai," Noëlla alisema. "Lakini ni kitu. Usipopeleka ni sifuri."

"Na ushuru?"

"Ushuru gani?"

"Usijifanye mtoto. Madeni yakikatwa, ushuru wa treni zenu utashuka?"

Noëlla hakuwahi kumdanganya baba yake juu ya kazi, na hakutaka kuanza leo. "Utashuka. Lazima ushuke. Ulivyo sasa wateja wamekimbilia malori. Nani atalipa vile kupitisha chupa za maji?"

"Ahaa!" Gervais aliweka kisu chini. "Kwa hiyo sisi tusalimishe hisa, nyie mpite kwa bei poa. Safi sana. Nani kakutuma, mkuu wako?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Mtu akija kunishauri niuze ng'ombe, nataka kujua kama ana bucha."

Noëlla aliinuka akaanza kukusanya sahani. Machozi yalimlenga, na alichukia yamlenge mbele yake. Angekuwa ni baba yake peke yake angemwacha na sentimita zake. Mzee alikuwa na pensheni, nyumba yake imekwisha kulipwa, banda la njiwa limepakwa rangi. Tatizo halikuwa yeye.

Tatizo lilikuwa Bi Bertille Caboche. Mumewe Fernand alikuwa rafiki wa Gervais tangu jeshini, na alinunua hisa kwa fedha walizoweka za kubadilisha paa. Fernand akafa, paa likabaki lile lile. Mwezi wa pili Noëlla alimpitishia Bi Bertille keki ya sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wao, akamkuta ndani kavaa koti, kofia, na glavu zilizokatwa vidole. Alikuwa anaishi jikoni tu, kwa sababu mafuta ya kupashia joto nyumba nzima hayakamatiki. "Umepeleka hisa zako, Bi Bertille?" Noëlla alimuuliza. Yule mama akamtazama kwa upole. "Baba yako kapeleka?" "Bado." "Basi na mimi bado, mwanangu." Noëlla alimuuliza Achille. "Mzee kapeleka? Basi bado." Aliwauliza wengine watatu, jibu lile lile, hata sauti ile ile. Wote kumi na mmoja walikuwa wamekaa wanamtazama Gervais, na Gervais alikuwa hatikisiki. Kile kipande chembamba kwa Bi Bertille kilikuwa na maana ya misimu miwili ya baridi katika nyumba yenye joto. Na mzaliwa pekee wa kijiji hicho aliyeyaelewa mahesabu ya handaki ndiye mtu pekee ambaye hawezi kuaminiwa, kwa sababu mshahara wake unatoka reli.

Siku ya Jumatano Noëlla aliomba ruhusa kazini, akaja Guînes bila taarifa.

"Panda gari, Baba. Twende tukaangalie treni."

"Treni nazijua."

"Unazijua kwa magazeti. Panda."

Labda ni sauti yake. Gervais alipanda, lakini si kabla hajaingia ndani kuchukua viti viwili vya kukunja na chupa ya kahawa ya moto, kwa sababu mtu aliyezoea kungojea njiwa hawezi kungoja kitu chochote akiwa amesimama. Walikwenda hadi kwenye daraja dogo la barabara ya mashamba, juu ya njia ya reli, mahali ambapo kila treni inayoingia au kutoka handakini lazima ipite chini yake. Walifungua viti. Upepo ulikuwa wa baharini, wenye kuuma masikio. Gervais, bila kujijua, aliketi kama anavyoketi nyuma ya banda Jumapili za mashindano, mikono juu ya magoti, kidevu juu, hasemi. Noëlla alilelewa na ukimya huo. Utotoni alikatazwa hata kuchezesha kijiko hadi ndege wa kwanza atue.

Treni ya abiria ya mwendo kasi ilipita, daraja likatetemeka. Baadaye ikapita treni ya kampuni ya handaki yenyewe imebeba malori. Gervais alitikisa kichwa kwa kuridhika. "Hela hiyo."

"Hiyo siyo yetu. Ngojea za mizigo. Za reli."

Wakangoja. Wakanywa kahawa. Mwenye trekta mmoja akapita akawasalimu, akawatazama mara mbili. Jua lilisogea kutoka bega moja la mzee hadi la pili. Ikapita ya abiria, ikapita nyingine ya abiria. Kisha kwa mbali wakaona kichwa cha treni cha mizigo, cha kijani, na Gervais akainuka kitini kama anayemwona njiwa wake anashuka. Kilikuja polepole, kikapita chini yao. Nyuma yake hakikuvuta kitu.

"Mabehewa yako wapi?" Gervais aliuliza.

"Hayapo. Kinarudishwa Lille. Nimekipangia nafasi mimi mwenyewe jana."

Mzee hakukaa. Alishika chuma cha daraja kwa mikono miwili. "Lakini hizo zisizopita zinalipiwa."

"Zilikuwa zinalipiwa, Baba. Ile ahadi ilikuwa na mwisho. Imekwisha Novemba. Tangu Novemba isiyopita hailipi, na hazipiti."

"Nilisoma."

"Ulisoma?"

"Mimi sijui kusoma? Nilisoma siku hiyo hiyo. Nikasema wataongeza muda. Mwezi wa kwanza nikasema wataongeza. Wa pili nikanyamaza."

Noëlla alihisi hasira na huruma vinamjia pamoja, na hakujua kipi kianze. Ndipo akasema jambo ambalo hakukusudia kulisema. "Ofisi yetu inafungwa. Septemba. Ushuru ushuke usishuke, sisi tumeshakwisha, wananihamishia Lille. Kwa hiyo sina bucha, Baba. Sina hata kisu."

Gervais aligeuka. "Umejua lini?"

"Mwezi wa kwanza."

"Na hukuniambia."

"Nilidhani utafurahi. Ungesema reli wanavuna walichopanda."

"Mimi nifurahi?" Mzee aliachia chuma cha daraja. "Mwanangu, mimi nifurahi wewe ufungiwe ofisi?"

Chini yao reli zilikuwa tupu pande zote mbili. Gervais alikaa, akafunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena.

"Mimi fedha zangu nimezisamehe siku nyingi," alisema. "Hata mama yako kabla hajafa alijua nimezisamehe. Lakini nikienda benki, Guînes nzima itajua kufikia mchana. Na Bertille atajua. Fernand hakutaka kununua, unajua? Alitaka paa. Mimi nilikaa jikoni kwake nikamwambia paa litakuja, tena la vigae vipya. Sasa nitamtazama vipi yule mama nimwambie, peleka, imekwisha? Nikishikilia, angalau anaweza kusema bado tunangojea."

"Anangojea akiwa na koti ndani ya nyumba, Baba."

"Koti?"

"Koti, kofia na glavu. Anaishi jikoni."

Gervais aliinuka kitini. Alikuwa hajaingia nyumba ya Bertille tangu mazishi ya Fernand. Walikutana klabuni tu, kwenye chumba chenye joto, na klabuni kila mtu huvua koti. Alikunja viti vyote viwili yeye mwenyewe, akavitia kwenye gari. Walirudi hadi mlangoni kwake, na hapo, kabla hajashuka, alisema: "Jumamosi njoo klabuni. Sitaki kuwa peke yangu."

Chumba cha klabu kiko nyuma ya baa ya Zélia. Jumamosi jioni wanachama huleta njiwa wao kwenye vikapu, ndege huvishwa pete ya mpira mguuni, saa za kila mmoja, za kuandika muda ndege atakaporudi, hulinganishwa na kufungwa kwa muhuri wa risasi, kisha lori huja kuwabeba kwenda kuachiliwa kusini, wapige mbio za kurudi nyumbani. Noëlla alisimama karibu na mlango. Harufu ya mabawa, bia na moshi uliokaa kwenye nguo ilikuwa ile ile ya utoto wake. Baba yake alilinganisha saa zote, moja baada ya nyingine, bila haraka, akafunga ya mwisho. Halafu badala ya kuketi akabaki amesimama, kofia mkononi.

"Nina neno."

"Mzee Sentimita ana neno!" Achille alipiga meza. "Nyamazeni, bei imepanda!"

Watu wakacheka, wakaona uso wa Gervais, wakaacha.

"Imekwisha," Gervais alisema. "Ile pesa ya reli imekwisha tangu Novemba, na mimi nilijua nikanyamaza. Jumanne ndiyo siku ya mwisho ya kubadilisha. Pelekeni hisa zenu, wote. Mtapata kidogo, lakini pelekeni. Niliwaambia mnunue, nilikosea. Nikawaambia mshikilie, nikakosea zaidi. Fernand nilimkosea akiwa hai, na Bertille namkosea mpaka leo. Ni hilo tu."

Njiwa walikuwa wanalia polepole vikapuni. Noëlla alijiandaa. Alikuwa amewaza usiku kucha nani atapiga kelele kwanza, na aliona heri awe Achille, kwa sababu hasira ya Achille haikai.

Aliyesema ni Bi Bertille. Alikuwa ameketi kwenye kona, kikapu cha ndege wa marehemu mumewe miguuni.

"Gervais, sisi tunajua."

"Mnajua nini?"

"Yote. Hata mimi nasoma gazeti. Fomu yangu imejazwa tangu mwezi wa pili, iko kwenye droo ya visu. Ya Achille je?"

"Iko kwenye gari," Achille alisema, akitazama meza. "Tangu Pasaka."

Gervais aliwazunguka wote kwa macho, na mmoja baada ya mwingine wakaitikia kwa kichwa, wengine kwa aibu, kama watoto waliokutwa jikoni. "Sasa kwa nini hamkupeleka?"

"Wewe ulikuwa bado," Bertille alisema.

Hapo ndipo Noëlla alipoelewa, na alielewa kwa sababu amekulia katika chumba kile. Baada ya mashindano, saa hufunguliwa moja moja mbele ya wote, na hata kama mshindi ameshajulikana, hata kama mvua inanyesha na watu wana njaa, hakuna anayechukua koti lake hadi saa ya mtu wa mwisho ifunguliwe. Anayeondoka mapema anamwambia mwenzake kwamba ndege wake hawana maana. Wanachama wale hawakuwa wanamfuata baba yake. Walikuwa wamemngojea.

"Bertille," Gervais alisema, "ule mwaka paa lilipoanza kuvuja. Hisa zilikuwa bado na bei kidogo. Ungeweza kuuza?"

"Ningeweza."

"Ungepata paa?"

Bertille alifikiri. Si mwanamke wa kusema uongo ili mtu alale vizuri. "Nusu ya paa. Fernand alisema hivi, tukiuza, na Achille atauza, na wengine, na Gervais atabaki peke yake na handaki lake. Akasema tuweke ndoo. Tukaweka ndoo."

Gervais aliketi. Hakutafuta kiti, aliketi juu ya kreti ya bia. Nje lori la njiwa lilipiga honi, na hakuna aliyeinuka. Noëlla alimwona baba yake analia, mdomo wazi, bila kuficha, na moyo wake ulijaa ghadhabu dhidi ya watu wote wale wema. Laiti mmoja wao angemtukana! Laiti mwaka ule, japo mmoja tu, angempigia hodi na kumwambia, Gervais, wewe mjinga, mimi nauza! Kosa la kuwashauri mzee angeweza kulibeba, alikuwa amelibeba miaka yote. Hili la ndoo hakuna aliyemwandaa kulibeba.

"Heri mngenitukana," Gervais alisema.

"Tutakutukana Jumatano," Achille alijibu, akijifuta pua. "Jumanne tuna kazi benki. Haya, vikapu, jamani! Dereva ataondoka."

Jumanne walifika wote, wamevaa nguo za Jumapili. Benki ya Guînes ina kaunta moja, na kijana wa kaunta alipowaona wazee kumi na wawili wanaingia pamoja alidhani wamekuja kuandamana. Gervais aliwapanga. Bertille awe wa kwanza, akasema, halafu fulani, halafu fulani; yeye mwenyewe akajiweka wa mwisho. Noëlla alibaki nje kwenye kibaraza, kwa sababu ndani hapakuwa na nafasi, akiwaangalia kupitia kioo. Mmoja mmoja walisaini, wakatoka, wakasimama naye kwenye jua. Hakuna aliyekwenda nyumbani. Achille alitoka akisema sasa yeye ni mwanahisa mpya na asiguswe bega.

Saa sita ilikuwa inakaribia, na saa sita kila kitu Guînes hufungwa kwa chakula. Gervais akatoka. Alitoka mapema mno.

"Umemaliza?" Noëlla aliuliza.

"Twendeni tukanywe kitu. Nalipa mimi."

"Baba, umesaini?"

Mzee alivaa kofia yake. "Zangu acheni. Nyie mmetoka, inatosha. Mtu mmoja abaki nazo. Ni haki yangu hiyo, msininyang'anye."

Noëlla alimjua. Angeweza kumwita mjinga, angeweza kumvuta mkono, na mzee angesimama pale pale mpaka mlango ufungwe, na angeishi miaka iliyobaki na zile karatasi tupu kama mtu aliyejihukumu kifungo, na kila Jumapili angekula chipsi zake bila kumtazama mtu.

Bi Bertille alikuwa tayari amempita. Alikuwa mama mfupi, mwenye mfuko wa sokoni, na alisukuma mlango wa benki kwa bega. "Kijana!" aliita. "Usifunge. Nirudishie fomu yangu."

"Bertille, unafanya nini?" Gervais alisema.

"Nachukua fomu yangu. Wewe ukibaki, nabaki. Nimezoea."

"Umezoea nini? Bertille, acha utani, mlango unafungwa!"

"Mimi nina utani? Miaka yote hii umeona nina utani?" Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikuwa makali. "Fernand aliweka ndoo kwa ajili yako, Gervais Wissocq. Nimeimwaga mimi hiyo ndoo, kila mvua. Huwezi kukataa kusaini karatasi moja kwa ajili yangu. Ingia ndani."

Kijana wa kaunta alikuwa amesimama na funguo mkononi, hajui amtazame nani. Wazee wengine walibaki kibarazani, hakuna aliyesogea. Gervais aliwatazama, akamtazama bintiye. Kisha akavua kofia akaingia.

Kupitia kioo Noëlla alimwona ameinama kwenye kaunta. Fomu ilikuwa inateleza kila kalamu ikiigusa. Bi Bertille aliweka mfuko wake sakafuni, akaishikilia karatasi kwa vidole vyake viwili mpaka Gervais alipomaliza kuandika jina lake.